Maiki Moja, Arusi na Msiba

Wanangu mnaokuja kwangu Base Camp, hapa kambini Nakivale, na simu mkononi kunionyesha picha za mashine, nimewasikia. Mnaniuliza: Mama Bafle, ninunue ipi ili nianze kazi ya sauti? Nami kila mara nawajibu vilevile: lete waya, tuone unavyouviringisha. Mnacheka, mnadhani mzee anazunguka swali. Mmoja wenu, sitamtaja ila anajijua kwa ile kofia yake, aliniambia kwamba siku hizi mambo yote yanafanywa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Sawa. Lakini mimi bado sijaona kidole kinachoshusha spika kutoka kwenye gari na kuiingiza chini ya hema huku mvua imeshaanza. Kwa hiyo kaeni niwaeleze nilivyoingia kazi hii, na kilichonikuta Biharwe siku nilipoachiwa mashine peke yangu kwa mara ya kwanza.

Kusema kweli, kazi hii niliingizwa na shetani.

Kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wakati huo lilikuwa la miti na turubai, na mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili. Ndugu wa mbali wakatuletea zawadi: bafle mbili, maana sisi Wakongo ndivyo tunavyoita spika, pamoja na amplifaya na maiki. Mashine akakabidhiwa Baba Daudi, fundi wa baiskeli, kwa sababu ndiye pekee mwenye bisibisi. Baba Daudi alifungua kila butoni mpaka ikagoma kuzunguka. Tulipomwomba apunguze alitutazama kwa huruma.

"Mungu ametupa butoni kumi," akasema, "juu ya nini tutumie mbili?"

Basi kila Jumapili, mchungaji akishapata moto wa mahubiri, bafle zilipiga mluzi. Mnaujua ule mluzi. Watoto wanaziba masikio, mbwa wanaondoka, na mzee aliyesinzia anaamka akidhani mwisho wa dunia umefika bila yeye kutubu. Mchungaji akaamua.

"Bandugu, hii haiko mashine," akasema. "Hii ni shetani anaingia mu mikro. Tusimame wote, tufunge macho, tuombe!"

Mimi nilikuwa nimekwisha kumchunguza huyo shetani. Alikuwa na tabia moja: hakuja mchungaji akiwa amesimama mahali pake. Alikuja pale tu mchungaji alipotembea kuwafuata watu, akazipita bafle zikabaki nyuma ya mgongo wake. Kwa hiyo watu walipofunga macho, nilitoka kwenye kwaya kwa ncha za vidole, nikazisukuma bafle mbele, nikazigeuza ziwatazame watu badala ya mimbari, kisha nikapunguza butoni moja ya Baba Daudi. Tukasema amina. Mchungaji akatembea huku na huku, mbele na nyuma, na mluzi haukutokea. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mama mmoja akasimama kushuhudia kwamba katikati ya maombi alifungua jicho kidogo, akaona kitu cheusi kikipita haraka karibu na mimbari.

Ilikuwa sketi yangu.

Sikusema neno. Ila nyinyi niwaambie, maana ndilo somo la kwanza: mluzi ni sauti inayotoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye maiki, ikatoka, ikaingia, kama mtu anayebishana na nafsi yake huku akizidi kupandisha. Spika ziwe mbele ya msemaji, maiki ibaki nyuma ya spika. Kuomba mnaweza kuomba, lakini sogezeni spika kwanza.

Haukupita muda mrefu, amplifaya ya Baba Daudi ikanyamaza kabisa. Wazee wa kanisa wakasema ipelekwe Mbarara, kwa fundi mmoja wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Wakanichagua mimi, kwa sababu waliona sikuwa naiogopa. Niliifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, ili isipigwe na vumbi la barabara. Mama mmoja tuliyekaa naye garini alichungulia na kuniuliza, "Huyu mtoto analala vizuri hivi, ni wako?"

"Hapana," nikamwambia, "ni wa kanisa."

Akasogea mbali kidogo.

Fundi mwenyewe aliitwa Byaruhanga. Alikuwa amepita jeshini zamani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimenyooka kama mti wa bendera, hakina habari na sarufi. Alifungua amplifaya, akachungulia na tochi, akatingisha kichwa. Ndani kulikuwa na mende wa kila ukubwa, na mjusi mmoja mnene aliyetutazama kana kwamba sisi ndio tuliovamia.

"Nyabo," akasema Byaruhanga, maana huko ndivyo wanavyomwita mama, "hii mashine haiko mgonjwa. Iko na wapangaji."

Akawafukuza, akasafisha, akaunga waya mmoja uliokatika, nayo ikaanza kunguruma. Mimi nilikuwa nimesimama muda wote huo bila kukaa, nikiuliza hiki ni nini, na kile ni nini. Mwishoni akaweka bisibisi chini.

"Wewe nauliza kama polisi," akasema. "Nataka kazi?"

Nikasema nataka.

Nyumbani mama yangu hakufurahi. "Utaenda kubeba masanduku na banaume, wewe mwana mwanamuke?"

"Mama, jerikani iko na mukono moja na ninaibeba kila siku," nikamjibu. "Bafle iko na mikono mbili. Ni muzuri kuliko."

Akacheka, na mama akishacheka ujue umeshinda.

Sasa, nilidhani nitafika Nyamitanga na kukalishwa mbele ya mashine. Byaruhanga akanipeleka nyuma ya duka, kwenye rundo la waya, akaniambia viringisha. Niliviringisha kwenye kiwiko, kama tunavyoviringisha kamba ya nguo. Akauchukua ule mviringo, akashika ncha moja na kuurusha uani. Ulikwenda hatua chache, ukajifunga mafundo ukamkamata mbuzi wa jirani.

"Waya iko na akili yake," akasema. "Kama wewe nalazimisha, na yeye nalazimisha. Kesho kwa arusi, bwana arusi naingia, wewe bado nafungua mafundo."

Akanionyesha: mzunguko mmoja mkono unaelekea juu, unaofuata unaugeuza kwa ndani, hivyo hivyo kwa zamu, waya unalala wenyewe na ukiurusha unanyooka mpaka mwisho. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikaanza kuviringisha hata ukambaa wa kusuka mikeka nikija kumsalimia mama. Na kama mnadhani nilipoteza wakati, jiulizeni kwa nini waya zangu zimeishi kuliko gari lililokuwa linazibeba.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutembea. Tukishafunga mashine, kila mmoja anafurahia sauti pale mbele, Byaruhanga hakukaa. Alikwenda mpaka kiti cha mwisho, pale karibu na jikoni wanapokalishwa wazee wasiojulikana na mtu, akainama kuwauliza.

"Mashine nasema iko sawa," aliniambia. "Lakini ule mzee wa nyuma nasema nini? Enda uliza yeye."

Nilijifunza mengi kwa wazee wa nyuma. Nilijifunza pia kuongea na wapishi kabla ya kuongea na mtu mwingine yeyote, kwa sababu mpishi ndiye atakayechomeka birika la umeme kwenye soketi yako katikati ya hotuba ya mgeni rasmi.

Basi ikafika siku ya Biharwe.

Palikuwa na kuhingira, sherehe ya Wanyankole ya kumtoa binti rasmi kwa wakwe zake. Baba wa binti, Mzee Kamugisha, alikuwa mfugaji wa Ngarama, wilaya ya Isingiro, na kwa sababu wageni walikuwa wengi alikodi uwanja mzuri pale Biharwe, kando ya barabara kuu ya kwenda Masaka, wenye nyasi na ua wa michongoma. Asubuhi ile Byaruhanga akaamka na jino. Shavu lilikuwa limevimba likafunga jicho. Alijifunga kitambaa kichwani, hakuweza kusema hata neno, akanipa maagizo kwa ishara: akagusa sikio, akaonyesha mbingu, akazungusha mkono tumboni. Nilielewa mawili ya kwanza: sikiliza, na angalia mvua. La tatu mpaka leo sijui kama alimaanisha nisisahau wapishi au alikuwa na njaa.

Nikaondoka na dereva wetu Bosco. Mzee Kamugisha alitupokea getini.

"Byaruhanga iko wapi?"

"Ana jino, mzee."

"Na fundi iko wapi?"

Nikamwambia fundi ni mimi. Akamtazama Bosco. Bosco akaninyooshea mdomo, kama mtu anayeonyesha njia.

"Banange," akasema Mzee Kamugisha. "Mwanamke. Tena Mukongo. Sikiliza, mama. Hii ni binti yangu wa kwanza. Siku ya leo kama naharibika, ambia Byaruhanga asahau Isingiro yote."

Alikuwa na uwezo wa kuifanya Isingiro yote imsahau, maana karibu kila arusi ya upande ule alikuwa mwenyekiti wa kamati yake. Na mimi nilijua kwamba nikiharibu, nitarudi kwenye waya na mbuzi wa jirani, na hakuna mtu atakayemwachia mwanamke mashine tena pale Nyamitanga. Nikafunga spika kwa uangalifu ambao sijawahi kuurudia. Nilitembea mpaka kiti cha mwisho. Niliongea na wapishi mpaka wakachoka na mimi.

Upande wa bwana arusi wakaja, wakaketi kwenye hema lao, wenyeji kwenye lao, wakitazamana. Katikati, binti akaletwa amefunikwa shuka kutoka kichwani mpaka miguuni, kama desturi inavyotaka. Kila upande ulikuwa na msemaji wake, na wote wawili walitumia maiki moja isiyo na waya, wakipokezana. Walikuwa watu wa mbwembwe. Kila mmoja akishamaliza swali lake aliizima maiki kwa kidole gumba, tak, kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Niliona, nikasema moyoni, hiyo si tabia nzuri, lakini sikujua bado ubaya wake uko wapi.

Walizungumza Kinyankole, mimi nawapa kwa Kiswahili.

"Haya, tuambieni," msemaji wa wenyeji akauliza, "huyo kijana wenu ni mtu wa namna gani?" Tak.

Spika zangu zikajibu, kwa sauti nzito ya mtu aliyekuwa analia:

"Alikuwa mtu mwema. Alipenda watu, alipenda ng'ombe. Lakini Mungu amemchukua, na leo tunamrudisha udongoni."

Bwana arusi, mwalimu kijana mwembamba, akajigusa kifua kuhakikisha. Mgeni mmoja akacheka, wengine wakafuata, wakadhani ni utani wa upande wa pili. Msemaji wa bwana arusi naye, asiyetaka kushindwa utani, akanyakua maiki, akaiwasha, akasimama mbele ya binti.

"Sisi tumetoka mbali!" akapaza sauti. "Mbona mmemfunika? Mfunueni tumwone! Hatuondoki hapa bila yeye!" Tak.

Kisha kutoka kwenye spika zangu yakatoka mayowe ya wanawake wengi, viti vikianguka, na sauti ya mwanamume inayotetemeka: "Nani amesema? Nani huyo amesema afunuliwe?"

Mkono wangu ukashuka wenyewe kwenye butoni, nikaikata maiki ile. Nilikuwa nimeelewa. Mahali fulani karibu sana, nyuma ya ua ule wa michongoma, palikuwa na msiba, na fundi wa huko alikuwa na maiki ya aina ileile kama yangu, imefungwa kwenye mawimbi yaleyale. Maiki yetu ikizimwa, mashine yangu inaokota ya kwao. Ya kwao ikizimwa, yao inaokota ya kwetu. Kwa hiyo kule msibani, mbele ya jeneza, watu walikuwa wamesikia amri ya kumfunua marehemu.

Lakini kuelewa ni jambo moja na kumweleza Kaaka ni jingine. Kaaka alikuwa bibi yake binti, mama mzazi wa Mzee Kamugisha. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele, ameshika fimbo, na sasa akasimama.

"Mjukuu wangu haendi," akasema. "Wafu wamekataa."

"Kaaka!" sauti ikatoka chini ya shuka. "Mimi nataka kwenda!"

"Wewe nyamaza, umefunikwa."

Watu wa bwana arusi wakaanza kutazama magari yao. Yule mwalimu alikuwa amesimama katikati na uso wa mtu aliyezikwa kweli. Mzee Kamugisha akanijia mbio.

"Wewe mama, umeniletea maiti kwa arusi?"

"Si maiti, mzee. Ni jirani."

"Jirani gani huyo," Kaaka akauliza, "anayeagwa huku anaongea?"

Nikamletea msemaji maiki yenye waya, nikamwambia hii haiokoti kitu cha mtu. Akarudisha mikono nyuma. Hakuna aliyetaka kuigusa. Nikaona hapa maneno ya ufundi hayatasaidia, na Kinyankole wakati huo nilikuwa nakielewa, lakini cha kusema kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikapiga magoti mbele ya Kaaka, nikamwambia, "Kaaka, mimi sijui kueleza. Twende ukaone kwa macho yako."

Mwanawe akapinga, mashangazi wakapinga. Kaaka akanyoosha mkono nimshike. Mimi nikaichukua ile maiki isiyo na waya, nikaitia mfukoni, tukatoka, na ukoo mzima nyuma yetu kwa umbali wa watu ambao hawataki kuwa wa kwanza kuona.

Tulizunguka ua, tukapita kwenye migomba, tukatokea uani kwa watu. Nusu ya waombolezaji walikuwa ndani ya migomba, wamejificha. Tulipita katikati yao na wakatuamkia kwa heshima wakiwa wamechuchumaa. Mbele ya nyumba palikuwa na jeneza, na wapwa wawili wa marehemu wakiwa na bisibisi mkononi, wanabishana kama amri ile itiiwe au la. Na pembeni, mbele ya mashine yake, alisimama mwanamume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ameinua mikono juu.

"Mashine yangu haina shida!" alikuwa anasema. "Miye sijawahi kukosea! Hiyo sauti haikutoka kwangu!"

Huyo alikuwa Deo, Mrundi, fundi wa sauti wa mjini Mbarara ambaye nilikuwa nimemsikia kwa sifa tu, nyingi kati ya hizo alijipa mwenyewe.

"Zima maiki yako kidogo," nikamwambia.

"Sasa weye ni nani?"

"Zima, utanijua."

Akazima. Nikatoa yangu mfukoni, nikaiwasha. "Alo, alo," nikasema, "mimi naitwa Faida, natoka kwenye arusi hapo nyuma ya ua. Poleni sana na msiba." Na spika za Deo zikasema yote hayo, wazi kabisa, mbele ya watu wote. Wapwa wakaficha bisibisi zao. Migombani vichwa vikaanza kutokea kimoja kimoja. Deo alitazama mashine yake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Nikamgeukia Kaaka nione kama ameamini. Hakuwa pembeni yangu. Alikuwa amemwona mjane, ameketi chini kwenye majani makavu ya migomba, na mtu mzima hawezi kumpita mjane bila kumpa pole. Alikwenda akaketi naye. Wakashikana mikono.

"Ni nyinyi mliosema afunuliwe?" mjane akauliza.

"Si mimi. Ni msemaji wa wakwe zangu. Alikuwa anamtaka mjukuu wangu."

Mjane akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, na wanawe wakamkimbilia wakidhani analia tena. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shuka yake aliyojifunga.

"Mume wangu huyu," akasema, "hakuwahi kuikosa sherehe hata moja Biharwe. Alikuwa haalikwi, anakwenda. Mimi nilikuwa naona aibu, yeye anapiga viatu rangi. Na leo mmeona wenyewe. Ameingia."

Kaaka akafikiri. Nilimwona akifikiri, fimbo ikichora chini.

"Alikuwa anazuia sherehe za watu?" akauliza.

"Azuie? Alikuwa anakula, anacheza, anambariki bibi arusi, anarudi."

"Basi," Kaaka akasema, akainuka kwa kujisukuma na bega langu, "nilidhani amekuja kukataa. Kumbe amekuja kula."

Tulikubaliana Deo aimalizie ibada ya msiba kwa maiki isiyo na waya, mimi nibaki na yenye waya, tukarudi. Kaaka mwenyewe ndiye wa kwanza kuishika. Akawaambia wageni kwamba amekwenda, ameona, na marehemu hana ubaya wowote. Akaagiza sahani ijazwe, ndizi na nyama na eshabwe, ile samli yao nyeupe, ipelekwe ng'ambo ya ua kwa mjane kwa niaba ya mgeni aliyefika. Kisha akasema mfunueni huyo mtoto, atakosa hewa. Binti, jina lake Patience, akafunuliwa, amelowa machozi na jasho, mzuri ajabu, na yule mwalimu akaruka juu kama mtu aliyefufuka. Sijawahi kusikia vigelegele kama vile, na sikuhitaji kuvipandisha kwa mashine.

Jioni wakati tunapakia, Mzee Kamugisha akaja kwenye gari. Alisimama akitazama ninavyoviringisha waya.

"Ambia Byaruhanga," akasema, "hiyo jino asitoe."

Ndivyo nilivyopata kazi ya Isingiro, kijiji kwa kijiji. Na ndivyo nilivyompata Deo pia, maana siku iliyofuata alikuja Nyamitanga kulalamika kwamba nilimwaibisha mbele ya watu. Akapewa chai. Siku ya pili yake akaja tena kulalamika kuhusu jambo lilelile. Tukakubaliana kwamba kabla ya kila kazi tutapigiana simu kuambiana nani anatumia mawimbi gani, na mambo yangeweza kuishia hapo, ila yeye alipiga simu hata siku ambazo hakuna kazi. Byaruhanga, jino likiwa limepona, alimtazama akiingia getini mara nyingine tena.

"Nyabo," akaniambia, "huyu nakuja kulalamika, lakini shati kila siku iko na pasi."

Tulifunga ndoa hapa Nakivale. Nusu ya wageni ni ndugu zake Wakatoliki, nusu ni watu wa kanisa letu la turubai, na hakuna wimbo hata mmoja tulioukubali wote. Picha za siku hiyo mkiziangalia mtaona padri, mtaona wasimamizi, lakini maarusi hawapo kwenye nyingi. Tulikuwa nyuma ya spika, mimi na gauni langu jeupe nimepiga magoti kutafuta waya uliolegea, na Deo akinieleza kwamba angeufunga yeye usingelegea.

Tulifanya kazi pamoja mpaka masikio yakachoka. Hilo hamniulizi, na ndilo ningependa mniulize: mtayalindaje. Sisi hatukuyalinda. Kaeni mbali na spika, tieni pamba, tokeni nje kidogo mkapumzike. Mimi sauti nyembamba zilianza kunitoroka, na Deo zikamtoroka nzito. Kwa muda tulijisaidia: yeye alisimama kulia, mimi kushoto, akisikia mluzi ananyoosha kidole juu, mimi nikisikia besi inakwaruza nakionyesha chini. Tulikuwa mtu mmoja mwenye masikio mazima. Mpaka siku moja, kwenye ubatizo, mluzi ukapiga kutoka mwanzo wa sala mpaka mwisho. Mimi sikuusikia kabisa, na Deo alikuwa amekwenda kusalimia watu. Niliona tu watu wote wameziba masikio, nikadhani ni namna mpya ya kuomba. Wiki hiyo hiyo tukamkabidhi mashine Esperance, binti tuliyefanya naye kazi miaka mingi, na mnajua wenyewe kama anaijua kazi.

Juzi Esperance alikuwa na kazi ya arusi huku kwetu, tukaalikwa. Tuliketi mbele, na nguo zetu nzuri, hatuna waya hata mmoja. Mshereheshaji akaichukua maiki, na kabla ya kusema neno akaipuliza: fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepoza chai, na pumzi na mate ndivyo vinavyoua maiki. Mimi nikanyanyuka. Sikuamua, miguu ndiyo iliyoamua. Deo akanishika gauni kwa nyuma.

"Kaa, mama," akasema. "Weye leo ni mgeni."

Nikamtazama Esperance. Alikuwa ameshafika kwa mshereheshaji, ameigeuza maiki mkononi mwake taratibu, anamwambia kitu sikioni huku anatabasamu, kisha akatembea mpaka kiti cha mwisho karibu na jikoni, akainama kuuliza. Mzee mmoja wa huko akamwinulia dole gumba.

Nikakaa. Mbele yangu wakaweka sahani, na ilikuwa inatoa moshi. Maisha yangu yote kwenye arusi nimekula baada ya wageni kuondoka, nimesimama, mkono mmoja una waya. Nikamwambia Deo wali ukiwa wa moto unanukia hivi, sikujua. Deo hakunisikia, alikuwa ameshaanza kula.